Nyota ya Mchana Ukutani kwa Bibi

Bigwa, Jumatano, alasiri

Mwanahawa mwanangu,

Sanduku lako liko mlangoni na sijalifunga. Kila kitu kimo ndani, hata lile sweta unalosema linakuwasha, lakini zipu nimeiacha wazi kwa sababu sijui kama kesho asubuhi nitalibeba kwenda stesheni au nitalirudisha chumbani nipange nguo zako kabatini. Umeondoka na Mjomba Shabani kwa pikipiki kwenda Kinole kumuaga Bibi, na ulipokuwa unapanda umeniambia, "Jibu langu nitakupa jioni." Nikakuambia usinipe kwa mdomo. Ukigonga ukutani kama tulivyozoea, nitajua unakwenda. Usipogonga, nitajua unabaki, na sitauliza neno.

Kwa hiyo nina muda huu kabla jua halijashuka. Nimekaa kwenye meza ya dirishani, inayotazama barabara inavyoteremka kutoka Kiroka, na mlima leo umevaa wingu mpaka kiunoni. Sitakuandikia habari za kula vizuri na kufunga milango. Hayo unayajua, na usiyoyajua baridi ya huko itakufundisha. Nakuandikia kwa sababu Jumapili uliniuliza swali, nami sikulijibu.

Unakumbuka lilivyoanza. Uani kulikuwa na wageni tele, pilau imeshaliwa, na Mjomba Shabani, kaka yangu ambaye akishiba lazima amchokoze mtu, akakugeukia wewe.

"Mpwa wangu, hebu tueleweshe sisi watu wa shamba. Unakwenda Afrika Kusini, mpaka jangwani, kusikiliza angani kama kuna mtu anazungumza. Ni kweli, au watu wanakuzulia?"

"Ni kweli, Mjomba."

"Na huyo mtu ni nani?"

"Hatujui. Ndiyo tunamtafuta."

"Wa hapa chini umeshawamaliza?"

Watu wakacheka. Mama Mdogo Zena akadakia kutoka jikoni, "Mwacheni mtoto! Huenda mchumba wake yuko huko huko. Ila mahari ataleta nini, mawe ya mwezini?" Wakacheka tena, mpaka jirani akapaliwa na maji. Nawe ukacheka, lakini mimi nakujua, ulicheka kwa meno tu. Halafu Mjomba akauliza kwa sauti ya chini, utani umemtoka, "Na kama hakuna mtu?" Ukainamia sahani yako.

Jioni tukiosha vyombo ukaniletea mimi swali hilo. "Mama, nikitafuta maisha yangu yote, halafu hakuna mtu, nitakuwa nimefanya nini?"

Nikasema, "Suuza hivyo vikombe kwanza, maji yanakwisha."

Mwalimu wa fizikia, miaka yote hii mbele ya ubao, na hilo ndilo nililolipata. Kabla ya kulala nikagonga ukuta kati ya chumba changu na chako: kugonga, kugonga, kisha kukwaruza kwa ukucha. Upo? Tangu ukiwa mdogo, umeme ukikatika nawe unaliogopa giza, nimekuuliza hivyo, nawe umenijibu kutoka upande wa pili kwa kugeuza: kukwaruza, kugonga, kugonga. Nipo. Jumapili hukujibu. Jumatatu asubuhi, kikombe cha chai mkononi, ukasema, "Siendi, Mama. Nitasoma kilimo hapa hapa mjini. Kina maana. Na wewe hutabaki peke yako." Tangu siku hiyo nimegonga kila usiku, na ukuta umekaa kimya kama ukuta.

Ningeweza kukujibu kama mwalimu. Ningekutajia simu ya Mjomba inayomwonyesha njia, na utabiri wa mvua anaousikiliza redioni kabla hajapanda mahindi, nikuambie kwamba vyote vinapitia huko juu anakokucheka. Ningekukumbusha kwamba wazee wa Kinole walikuwa wakiangalia nyota za Kilimia ndipo washike jembe, na hakuna aliyewauliza wanamtafuta nani. Yote kweli. Lakini hukuniuliza faida. Uliuliza juu ya kumwita mtu ambaye huenda hayupo, na mambo hayo mimi nimewahi kuyafanya. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, na nilikuwa gizani.

Unajua kwamba niliwekwa ndani, lakini sijawahi kukusimulia. Wewe tulikukalisha kwa Bibi siku chache tu za likizo, na simu ulikuwa nayo chini ya mto. Mimi nilivunja ungo mara tu baada ya mtihani wa darasa la saba, na Bibi, bibi yangu mimi ambaye nawe unamwita Bibi, akanifungia katika kile chumba cha nyuma mpaka matokeo yalipotoka. Mwali haoni jua, wala haonekani na watu. Wanawake waliingia kunifundisha na kunilisha. Wanaume, hata kaka yangu wa tumbo moja, hawakuruhusiwa kusogelea ukuta wa upande wangu. Bati la chumba kile lilikuwa limeota kutu, na juu kabisa kulikuwa na tundu la msumari uliong'oka. Ukutani, udongo ulikuwa umeanguka kati ya fito mbili ukaacha ufa mwembamba unaotazama bondeni. Hizo ndizo zilikuwa dunia zangu mbili, tundu na ufa.

Siku za kwanza nililia, zilizofuata nikalala. Kisha nikaanza kuangalia. Jua likipanda, duara dogo la mwanga liliingia kwa lile tundu, likashuka ukutani, likatambaa sakafuni taratibu, likapanda ukuta wa pili na kufia huko. Nilikuwa nalingoja kama mgeni. Jogoo wa Bibi akipita juu ya bati, duara linazimika, kisha linawaka. Nikajifunza kumjua jogoo bila kumwona, kwa kuzimika kwake tu. Miaka mingi baadaye, pale mezani, uliponieleza kwamba nyota ya mbali ikififia kidogo, tena na tena, huenda kuna sayari inapita mbele yake, ulishangaa kwa nini nimecheka. Nilimkumbuka yule jogoo.

Jambo moja lilinisumbua. Lile tundu lilikuwa limechanika vibaya, lina pembe kama kitu kilichochorwa na mtoto, lakini sakafuni palikuwa na duara kamili. Nililala kifudifudi siku nzima nikiliwaza. Siku moja wingu likapita ndani ya duara. Wingu lenyewe, mwanangu, dogo kama ukucha, na kingo zake laini. Liliingia upande mmoja likatokea upande wa pili. Hapo nikaelewa kwamba nililokuwa naliita doa la mwanga ni sura ya jua zima. Mwali haoni jua, na jua lilikuwa limelala kwenye sakafu ya Bibi, naweza kulifunika kwa kiganja. Sikumwambia mtu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu ambacho sikufundishwa na yeyote, na chumba kile hakikuwa tena kidogo.

Nilikuwa pia na kioo, cha duara, chenye ukingo mwekundu wa plastiki, nilichokificha kwenye pindo la khanga. Na nilikuwa na rafiki, Sikudhani, tuliyekaa naye dawati moja. Sisi ndio tuliobuni kule kugonga, chini ya dawati, mwalimu akigeukia ubao. Wanawake waliokuja kunisuka walisema Sikudhani naye amevunja ungo, naye amewekwa ndani, nami nikadhani ni nyumbani kwa mjomba wake ng'ambo ya bonde. Kwa ule ufa niliiona nyumba yenyewe, bati lake na migomba iliyoizunguka. Nikawaza: naye yuko gizani kama mimi, naye labda ana ufa.

Nikaanza kulikamata lile jua kwa kioo na kulitoa nje. Haikuwa rahisi. Ilibidi nichuchumae, nikishike kioo kwa mikono miwili, nisipumue, mpaka mwanga uingie kwenye ufa bila kugusa udongo. Kisha nikawa naziba kwa kidole, naachia. Mfupi, mfupi, mrefu. Upo? Kila siku jua lilipofika sakafuni nilimwita. Nikimaliza naweka kioo chini, nabandika jicho kwenye ufa. Bonde kimya. Migomba inapepea. Kesho yake tena.

Hivyo nilifanya mpaka mvua za vuli zilipoanza, na hata katikati ya mvua, jua likitoka kidogo. Nilijiambia ananiona lakini hana kioo, au ufa wake uko upande mwingine. Nilimtungia sababu nyingi kuliko nilizowahi kumtungia mtu yeyote. Nilimpenda kwa ukimya wake.

Kitu kingine kilichonichosha mle ndani ni ndizi. Mwali hulishwa, hilo nililijua, lakini ndizi zilizidi. Za kupika, mbivu, za kuchoma, mpaka harufu yake ikanichefua.

"Bibi, ndizi tena?"

"Kula. Zimeletwa."

"Na nani?"

"Nimesema zimeletwa. Unataka kula ndizi au jina la mtu?"

Nikala, nikinung'unika. Shika hapo, nitakurudisha.

Siku ya kutolewa nje walinichezea ngoma tangu alfajiri, wakanivika, wakanipaka mafuta, wakanibeba mabegani. Macho yaliniuma kwa mwanga. Kutoka juu ya mabega ya watu niliweza kuona bonde lote, na kitu cha kwanza nilichokitafuta ni nyumba ile. Majani yalikuwa yameota mpaka mlangoni. Dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao. Nikamuuliza aliyenibeba, katikati ya vigelegele, "Sikudhani ametolewa lini?" Akasema, "Sikudhani yupi? Wale si walihamia Gairo kwa shangazi yao hata kabla hujawekwa ndani?"

Nililia pale pale mabegani. Watu wakafurahi, wakasema mwali ana haya, mwali amelelewa. Sikuwaeleza. Nilikuwa nimeita nyumba tupu msimu mzima.

Basi, Mwanahawa, swali lako nimewahi kulikaa ndani yake. Kama hakuna mtu, nitakuwa nimefanya nini? Nitakuambia kilichotokea siku hiyo hiyo, kisha utaona mwenyewe. Nilipogeuza uso kutoka kwenye ile nyumba, nikaiona nyumba ya Bibi. Sikuwahi kuiona kutoka nje tangu niingie. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, unapanda kati ya migomba, unachelewa kidogo juu ya bati, kisha unakwenda zake mlimani. Nilikuwa nimeuona moshi ule maisha yangu yote. Lakini baada ya kujua kwamba kule ng'ambo hakuna moto, hakuna mtu anayekuna nazi, hakuna jogoo, ule moshi wetu niliutazama kama sijawahi kuuona. Nikataka kushushwa niende nikauguse. Mtu ambaye hajawahi kuita ng'ambo hawezi kuona hivyo. Ukiniletea habari siku moja, baada ya kusikiliza anga lote, kwamba huko ni kimya na moto uliowaka ni huu wetu tu, sitakuambia umepoteza muda. Nitakwenda nje niitazame upya Bigwa yote, na mbuzi wa jirani wanaokula maua yangu.

Lakini mimi sikuendelea kuita. Hapo ndipo nilipokosea, nami nalisema bila kulia, maana nimeshalilia vya kutosha. Nilijifanya nimekua. Kioo nikampa mtoto wa jirani. Nilipomaliza kidato cha sita nikapata nafasi ya chuo mbali, kusomea mambo ya mwanga ambayo yalikuwa yananiita tangu kwenye ile sakafu. Nikaikataa. Nikasema siwezi kumwacha Bibi. Nilisoma ualimu hapa karibu, nikakuzaa wewe nikiwa bado msichana, nikawa mwalimu mzuri, nadhani. Wala sijutii, hasa sikujutii wewe. Ila kila siku iliponichosha nilikuwa nikipanda Kinole, namtazama Bibi kwa jicho ambalo yeye alilijua. Siku moja alikuwa anaanua mdalasini, akaweka ungo chini.

"Mimi nilikuambia ubaki?"

"Hapana, Bibi."

"Basi usinitazame kama nimekula chakula chako. Mwaka mzima nabeba mzigo wako mgongoni na sikuuomba."

Uliposema Jumatatu kwamba hutaki nibaki peke yangu, nilisikia ule mzigo unatua mgongoni mwangu. Ukitaka kubaki, baki, mwanangu. Kilimo ni kazi ya heshima, na mtu anayekipenda udongo unamjibu. Lakini usinitaje mimi. Mimi nina wanafunzi, nina mlima, nina mbuzi wa jirani wa kugombana nao. Baki kwa sababu unapenda mahindi.

Sasa nikurudishe kwenye ndizi, kwa sababu habari yenyewe nimeijua leo asubuhi tu, na tangu hapo sijatulia.

Ulikuwa bado unavaa. Nilimkuta Mjomba uani anaifuta pikipiki vumbi. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia, nami nikamvaa hapo hapo.

"Kaka, umemvunja moyo mtoto."

"Nimemfanyaje? Nimemuuliza swali. Huko anakokwenda hawaulizwi maswali?"

"Uliwachekesha watu juu yake."

"Ah, mdogo wangu. Nilidhani atanirudishia. Mtoto wako tangu lini akakosa jibu? Na hayo ya nyota si ameyatoa kwako?"

"Kwangu wapi?"

Akaniangalia kama ninamtania. "Wewe si ndiye uliyekuwa ukiwasha nyota mchana ukutani kwa Bibi?"

Kitambaa nilichokuwa nacho mkononi kiliniponyoka. Akaendelea kufuta taa ya pikipiki, anacheka mwenyewe.

"Enzi ukiwa mwali. Wale wa Sikudhani walishahama, ndizi zinaoza mgombani, mimi nikawa naenda kuzikata. Mchana nakaa kwenye kizingiti chao nakula. Nainua macho naona nyota. Nyeupe, ukutani kwa Bibi, inakonyeza! Kwanza nikataka kukimbia. Halafu nikasema, ah, ni yule. Nani mwingine Kinole nzima ana ukorofi huo?"

"Mbona hukunijibu?"

"Ningejibuje? Mwali yuko ndani, mimi mwanamume. Nikisogelea ule ukuta Bibi si atanikata miguu? Nikadhani una njaa. Nikasema, huyu mtoto wanamnyima chakula, anaomba kwa mwanga. Nikakata mkungu nikauweka nyuma ya nyumba. Kesho yake ukakonyeza tena, nikaleta mwingine."

"Zile ndizi zilikuwa zako?"

"Za nani sasa? Ukikonyeza sana, nilikuwa naongeza."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha sikuwa nacheka. Naye akaacha kufuta. Akasema polepole, bila kunitazama, "Nilikuwa nasubiri saa ile, unajua. Hata siku ambazo sikuwa na kazi kule. Nilikuwa nakwenda nakaa tu, isije ikawaka pasipo mtu."

Nimeyageuza maneno hayo tangu mlipoondoka. Nyumba haikuwa tupu. Yule niliyemwita hakuwapo, hiyo ni kweli, lakini kizingitini kulikuwa na mtu aliyeona, akanijua, akanijibu kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Jibu lilikuwa linaingia chumbani kwangu kila siku kwenye sahani, nami nikilisukuma pembeni kwa sababu nilikuwa nangojea mwanga. Niliuliza "na nani?" mara moja tu, nikakemewa, nikaacha. Nilijua ninachokitaka vizuri mno.

Na kuna lingine linalonikera zaidi. Wakati ninatuma mwanga, macho yangu yalikuwa kwenye kioo. Ilibidi, nisipotazama kioo ninapoteza ufa. Nilipokuwa naweka kioo chini na kuchungulia, Mjomba alikuwa ameshainuka kwenda kukata ndizi. Kwa hiyo yeye aliniona mimi kila siku, na mimi sikumwona hata mara moja. Nilikuwa nasema tu. Ndivyo nilivyoishi sana, Mwanahawa. Ndivyo nilivyokujibu Jumapili, macho kwenye vikombe.

Wewe unaitwa mahali ambapo kazi yote ni kusikiliza. Uliponionyesha picha ya yale masahani makubwa ya chuma, yamejipanga jangwani yote yakitazama upande mmoja kama watu msibani, ulisema, "Haya hayatumi chochote, Mama. Yanangoja tu." Nilijisikia huzuni kidogo, sikujua kwa nini. Leo najua. Hakuna aliyenifundisha kungoja namna hiyo, bila kumwambia mgeni aje amevaa nini.

Sijui kama wapo. Nikilala nafikiria kwamba huenda kuna mahali pengine penye bonde, na mtu wa huko ameketi kwenye kizingiti cha nyumba isiyo yake, anakula kitu nisichokijua jina, na kila siku saa fulani anainua macho kututazama sisi tunavyomeremeta. Labda amekatazwa kusogea. Labda ameshatuletea kitu, na sisi tunanung'unika kwamba kimezidi. Ninajua kwamba mtu mzima, mwalimu, hapaswi kuwaza hivi. Ninawaza.

Nilipomkumbatia Mjomba nilimwomba jambo moja: mkifika Kinole, akupeleke kwenye kizingiti kile, akusimulie mwenyewe, halafu asikushawishi. Akasema, "Mimi nimshawishi? Mimi nataka abaki, nani atanisomea meseji zangu?" Lakini aliipanda ile pikipiki kama mtu anayekwenda harusini.

Jua sasa limeuacha ua wetu. Kivuli cha mlima kimefika kwenye mti wa mfenesi, kimeruka uzio, kinakwenda zake mjini. Huku chini tayari kuna ubaridi, lakini kule juu, kwenye kona ya mwisho ya barabara ya Kiroka, bado kunawaka, udongo wote mwekundu. Nimeiacha kalamu mara mbili kutazama. Si desturi yangu, unanijua, nikiandika huwa sioni kitu. Leo nimeamua kuandika huku nikiangalia nje, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka.

Ukibaki, barua hii nitakupa hata hivyo. Ukienda, utaikuta chini ya sweta.

Kuna pikipiki imesimama kwenye kona. Kwa mbali hivi siwezi kujua ni ya nani, zipo nyingi, na jioni zote zinarudi. Mmoja ameshuka. Kuna kitu kirefu kimefungwa nyuma, kama mkungu.

Kuna mwanga.

Unatoka pale kwenye pikipiki, nadhani ni kioo cha pembeni, mtu anakigeuza. Umenipiga usoni mpaka nimefumba macho. Mrefu. Mfupi, mfupi. Mrefu, mfupi, mfupi, lile jibu lako la ukutani, ndivyo nilivyouona. Lakini nilikufundisha mimi mwenyewe kwamba jambo lililotokea mara moja si kitu, laweza kuwa mtu anafuta kioo chake, laweza kuwa moyo wangu. Ngoja urudie. Nimeshika kalamu, na macho yangu yako nje.

Umerudia.

Nakwenda kufunga zipu.

Mama